Binti wa miaka 13 anataka kuacha riadha, baba anamfokea akishindwa

Pole dada yangu wa Sakina hapa Arusha, umesema binti alikua anapenda kukimbia ila toka baba yake aanze kumfokea kila akishika namba nne au tano sasa hataki hata kuona raba. Mi naona mtoto hajachoka mbio, amechoka safari ya kurudi nyumbani. Ongea na mzee mkiwa wawili tu, mwambie akitoka uwanjani pale Sheikh Amri Abeid asianze na saa wala namba, amuulize tu umefurahia? umekula? basi, makosa ya mbio aachie kocha, na wewe pia usimtetee binti mbele yake mkaanza kuzozana na baba.

Halafu haraka ya nini jamani, Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni anayefanyia mazoezi hukuhuku Arusha, alichukua medali ya shaba ya dunia London 2017, dhahabu ikaja Tokyo 2025 akiwa na miaka 33! Wa kwako ana 13, mwili bado unakua, na kama ameshaanza hedhi damu inaweza kupungua akawa mzito kweli sio mvivu, kwahiyo dagaa, maharage, mchicha, alale mapema, na akizidi kuchoka mkapime damu. Mpe likizo hata wiki mbili arukeruke na wenzake bila stopwochi. Akitaka kurudi atasema mwenyewe, mkamwandikishe zile kilomita 5 za Kili Marathon kule Moshi mwakani, na baba akimbie naye pembeni.