Binti anapewa nafasi za nyanya na shangazi tu: aendelee au aache?

Mama, umeuliza kama binti yako wa miaka 24 aachane na uigizaji, kwa sababu kila akienda odisheni hapa Nairobi anarudi na nafasi ya shangazi, yaya au mama mboga, huku wenzake ndio wanaochumbiwa kwenye hadithi. Wengi wamekwambia avumilie, nafasi kuu itakuja. Mimi nasema asiisubiri. Nilipakwa unga kichwani nikawa nyanya wa watu nikiwa na miaka 26, na sijawahi kurudishiwa ujana wangu.

Nilikuwa nauza tiketi Kenya National Theatre, pale mkabala na hoteli ya Norfolk. Mwanamke aliyepewa nafasi ya nyanya akakosa mazoezi wiki nzima. Mwelekezi akatoka nje, akanitazama juu hadi chini (nina mwili, sijifichi), akasema, "Wewe, panda." Nikapewa fimbo. Kikohozi nilijiongezea mwenyewe. Usiku wa kwanza nilikohoa mpaka watu wa safu ya mbele wakanihurumia, na maneno yangu mawili yenye maana yakamezwa na kikohozi hichohicho. Baadaye mwelekezi akaniambia mzee wa kweli haonyeshi uzee, anauficha. Kesho yake sikuinama wala kukohoa. Niliinuka kitini nimeshika ukingo wa meza, kama mtu asiyetaka mkwewe aone kwamba ameushika. Ukumbi ukanyamaza.

Sasa tuje kwa unga wa ugali, maana najua ndilo swali lako halisi. Riziki ya wengi wetu haitoki kwenye runinga, inatoka kwenye tamthilia za kutahiniwa. Kigogo ya Pauline Kea ilipoanza kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka wa 2018, vikundi vilizunguka shule hadi shule, asubuhi Kiambu, alasiri Machakos. Gari letu, Nisani, lina viti 14, na humo ndani mna maleba, ngoma, spika na dereva. Kwa hiyo kikundi hakibebi watu wengi. Mimi nilikuwa Asiya muuza pombe, yule Mamapima, halafu nikawa Hashima, mamake Tunu. Nilibadilisha leso nyuma ya shuka iliyofungwa kwenye madawati mawili. Pesa zikipungua na watu wakilazimika kupunguzwa, anayeshushwa garini kwanza ni yule anayejua kuwa mtu mmoja tu, hata awe mrembo namna gani. Na usidhani wanafunzi ni watazamaji rahisi. Wamekariri. Ruka mstari mmoja, ukumbi mzima unakumalizia, kisha wanakucheka.

Huyo Mamapima nilimtafuta Mathare. Nilikaa siku mbili kwa mama mmoja anayeuza chang'aa, nikijidai namsubiri mtu. Nilitarajia kelele na matusi, lakini alikuwa mpole kuliko mhazini wa kanisa. Kitu kimoja tu nilikiiba: akimimina, hatazami glasi. Mkono unajua kipimo. Macho yako kwenye mkono wa mteja, kama uko mezani au umeingia mfukoni, na ukiingia mfukoni, kama unatoka na noti au unatoka mtupu. Nilipofanya hivyo jukwaani, mwalimu mmoja alicheka peke yake, kwa sauti. Sijui alijulia wapi, na sikumuuliza.

Kamera ni habari nyingine. Kwa miguu, kutoka Kenya National Theatre hadi KBC, shirika la utangazaji la taifa, ni mwendo mfupi, zote ziko Harry Thuku Road, lakini mimi ilinichukua miaka kufika. Jukwaani nilizoea kutupa sauti hadi safu ya mwisho. Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera, mtu wa sauti alivua vifaa vyake masikioni na kunitazama kama nimemkanyaga. Halafu kuna kikombe. Ukinywa chai ukitamka neno "harusi", basi kila onyesho likirudiwa lazima unywe kwenye neno hilohilo, kwa mkono uleule, na chai iwe imefika palepale. Siku hiyo tulirudia mara tisa. Tangu wakati huo wahusika wangu huchezea tu mpini wa kikombe. Watu wamenisifu kwamba ni ubunifu!

Binti yako amtazame Mary Khavere. Ukimtaja kwa jina hilo, wengi watauliza ni nani. Sema Mama Kayai wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha KBC, hata mtoto wa jirani atakuigizia sauti yake. Wapo wanaoona hiyo ni hasara, jina la mhusika kummeza mwenyewe. Mimi naona wivu.

Ubaya upo, sitakuficha. Mtayarishaji mmoja alituzungusha leo kesho mpaka akabadilisha namba ya simu, siku zangu tatu za kazi zikaenda na maji. Sisi wa nafasi ndogo ndio hulipwa mwisho, kwa sababu picha zetu haziko kwenye bango. Siku hizi sikubali kupakwa hata poda kabla ya kuandikiana, hata kama ni ujumbe wa simu unaotaja kiasi na tarehe. Na Januari hakuna kazi. Shule ndiyo kwanza zinafungua, hakuna anayewaza tamthilia, kwa hiyo awe na kitu cha pembeni. Mimi nashona.

Jambo moja limenishangaza: wale wasichana wa bango niliocheza nao, wengi walipofika thelathini na kitu simu zao zilinyamaza. Yangu ndipo ilipoanza kulia. Sasa uso umefikia umri ambao nilikuwa nikiupaka, na mwaka huu tu nimezika waume wanne.

Kuna kikundi ninachokijua kinatafuta mtu wa kucheza nyanya na karani, mtu mmoja. Mwambie aniandikie. Aje na leso yake mwenyewe na viatu visivyo na kisigino, maana za kikundi zina matundu.