Mbunge wangu ni mtoro?

SWALI: Naishi Melbourne. Nimeona mtandaoni kwamba mbunge wangu wa shirikisho amekosa kura nyingi. Je, ni mtoro? Nimfuatilieje?

JIBU: Usimwite mtoro kwanza. Canberra kuna desturi ya kupatana: mbunge wa upande mmoja akiwa mgonjwa au safarini, wa upande wa pili naye hapigi kura, ili mizani isiyumbe. Kwenye Seneti majina ya waliopatanishwa huchapishwa pamoja na matokeo ya kura. Spika wa Baraza la Wawakilishi naye hapigi kura hadi pande zilingane.

Mahudhurio yatazame mwishoni mwa kumbukumbu rasmi za kila kikao, kwenye tovuti ya Bunge, aph.gov.au. Humo wametajwa ambao hawakuonekana siku nzima. Aliyepita ukumbini hata kidogo amehesabiwa kuwepo, kwa hiyo kipimo hicho ni chepesi mno.

Kwa kura, fungua They Vote For You, tovuti inayoonyesha kura za wabunge zilizohesabiwa kwa majina. Ila elewa inahesabu nini. Mambo mengi bungeni hupita kwa sauti za "ndiyo" na "siyo", bila jina la mtu. Wakigawanyika, kengele hulia dakika 4, milango hufungwa, kisha huhesabiwa. Upande mmoja ukiwa na wabunge 4 au pungufu, Baraza halihesabu. Huandikwa majina ya hao wachache tu. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2017, muswada wa ndoa za jinsia moja ulipopitishwa: waliopinga ni 4, nao ndio wenye majina. Ukimtafuta mbunge aliyeunga mkono, kwenye orodha ya kura hiyo ya mwisho humpati.

Tena asilimia za tovuti hiyo za "anaunga mkono" au "anapinga" mara nyingi zinakuonyesha chama, si mtu. Mbunge wa chama cha Labor anabanwa na uamuzi wa wenzake chamani. Kuupinga bungeni ni nadra. Ukitaka kumjua yeye mwenyewe, soma anayosema.

Hapo nenda OpenAustralia, tovuti ya kufuatilia hotuba za wabunge, weka namba yako ya posta, ujiandikishe kupokea barua pepe kila anapozungumza. Angalia jimbo kwa makini, maana namba moja ya posta huweza kugusa majimbo mawili. Kwenye Hansadi usiishie ukumbi mkuu: wabunge wa viti vya nyuma huzungumza sana kwenye Federation Chamber, ukumbi wa pili ambako hakupigwi kura za kuhesabiwa. Kazi ya kamati ina Hansadi yake ya peke yake, na kwa maoni yetu ndiko anakojulikana mchapakazi, maana maswali ya saa 8 mchana ukumbini mengi ni maigizo.

Zawadi, hisa na nyumba zimo kwenye rejista ya maslahi. Mabadiliko anatakiwa kuyatangaza ndani ya siku 28. Taarifa za gharama zake za safari na ofisi huchapishwa kila robo mwaka na IPEA, mamlaka inayosimamia gharama za wabunge, hivyo usitafute humo safari ya wiki jana.