Usiizime sauti ya kompyuta kabla hujaizoea

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba uoni wake unafifia. Mwanawe amemwekea programu ya kusoma skrini, inayotamka kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, naye ameizima baada ya nusu saa. "Inabwabwaja mno, itanitia wazimu," aliniambia. Ndugu yangu, hapo ulipo nilikuwapo.

Presha ya macho ilinianza upande mmoja, ikahamia wa pili. Nilikuza maandishi hadi skrini nzima ikawa na maneno matatu, na jioni kichwa kilikuwa kinagonga. Kazini mkubwa wangu akaninyang'anya uhariri wa ripoti. "Tunakupunguzia mzigo," alisema, wala hakuniuliza kama mzigo umenishinda. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Niliyemfuata ni NVDA. Ni programu ya bure ya Windows, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Kwangu hilo lilikuwa na uzito: aliyeitengeneza alikuwa anaihitaji mwenyewe.

Wiki ya kwanza nililia. Sauti niliyoikuta ilikuwa ya Kiingereza, na nilipoipa Kiswahili ilikivuruga: "wake" likawa "weik", "pole" likawa "poul". Kila nilipogusa kibodi ilitaja herufi, kila dirisha likijitangaza. Nilikuja kugundua kwamba ndani yake imo eSpeak NG, injini ya sauti yenye Kiswahili. Unabonyeza Insert, Ctrl na S pamoja, unaichagua, kisha Insert, Ctrl na V ili uteue lugha. Sauti yake ni kavu, ya mashine, lakini "wake" inalitamka "wake". Ukitaka sauti laini ya kusomea makala za intaneti, kivinjari cha Edge kina Rehema na Daudi wa Kiswahili cha Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Ila hao wanakusomea ukurasa tu, hawakuongozi kwenye kompyuta nzima.

Kitufe cha kwanza kukijua ni cha kunyamazisha: Ctrl. Ukikibonyeza, inakata hapo hapo. Siku nilipokizoea ndipo woga uliponitoka, maana sasa mimi ndiye niliyekuwa naiamuru. Spidi nayo usiikimbilie. Anza taratibu, ongeza kidogo kila wiki. Mimi leo nasikiliza kwa kasi ambayo wageni wangu hudhani redio imeharibika, na hakuna neno linalonipita.

Kuna faili zitakazokaa kimya. Mara nyingi ni karatasi zilizoskaniwa, yaani picha tupu. Kwenye Windows 10 na kuendelea, Insert na R huzitambua herufi zilizomo, japo ikiwa nakala imefifia itakosea sana.

Mwezi uliopita nilimaliza kuhariri ripoti ya kurasa 180 kwa masikio matupu. Macho yangu ya zamani yangeliruka "kwa kwa" lililojirudia ukurasa wa 63. Sikio lilijikwaa papo hapo. Nilimpelekea yule yule mkubwa. Alinijibu kwa sentensi moja: niendelee na inayofuata. Niliirudia mara tatu kuisikiliza.

Kwa hiyo acheni kuona haya. Mtu akivaa miwani hakuna anayemshangaa, kwa nini uzime sauti mgeni akibisha hodi? Nanyi watoto wetu, msimwekee mzazi programu mkaondoka zenu. Kaeni naye wiki nzima, mwacheni abonyeze mwenyewe, hata akikosea mara kumi. Sikio linataka muda. Langu lilitaka miezi miwili.

Wewe uliyeniandikia, ikiwa uliyowekewa ni NVDA, usiku wa leo bonyeza Ctrl, Alt na N, itaamka. Fungua barua moja fupi kutoka kwa mtu unayempenda, weka spidi ya chini kabisa, bonyeza Insert na mshale wa chini, uisikilize hadi mwisho. Kesho niandikie ilisema nini.