Ukiyeyusha risasi, ogopa maji

Kovu nililonalo chini ya kiwiko watu hudhani ni la mafuta ya maandazi. Ni la risasi iliyoyeyuka, madini, si ya bunduki. Mwaka wa kwanza wa kujitengenezea machubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi wa kuvulia, nilichimba kalibu (umbo la kumiminia) kwenye mchanga, nikautia maji kidogo ushikamane, nikamimina. Ikalipuka kama fataki. Maji yakikutwa na risasi ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Kilicho juu yake kinarushwa. Macho yangu yalisalimika kwa kuwa nilikuwa nimegeuka kuitikia salamu ya jirani.

Siku hizi kalibu yangu ni ya alumini, pande mbili, nilichongewa na fundi wa Chake Chake, Pemba. Naipasha moto kando ya jiko kabla ya kumimina, hata kama imeshinda juani. Upawa nao vivyo hivyo. Vipande vyote vya risasi naviweka kwenye sufuria kabla sijawasha mkaa, vipate moto pamoja, maana kutupia kipande chenye umande kwenye risasi iliyokwisha kuyeyuka ni kosa lilelile la mchanga wangu. Masika siyeyushi kabisa.

Betri la gari usilivunje, lina asidi na vumbi la sumu. Mie huokota gereji vile vipande vya kubalansi magurudumu. Vingine ni zinki, lakini risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki karibu 420, kwa hiyo moto usipozidi zinki inaelea juu, unaiopoa.

Sasa uzito. Kalibu moja haitoi chubwi la uzito mmoja, na hili lilinichukua muda kulielewa. Risasi ya magurudumu imechanganywa na antimoni, metali nyingine, ni nyepesi kuliko risasi tupu. Yeyusha fungu lote kwa mpigo mmoja, kisha pima kila chubwi kwenye mizani ya jikoni (mkeo akikuruhusu, na uifunike plastiki). Tukiwa watatu ndani ya ngarawa, machubwi yakilingana mishipi inazama sambamba. Mmoja akiwa na jepesi, mkondo unaubeba mshipi wake hadi kwa mwenziwe, na hapo mtakesha mnafumua. Bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, lina mkondo mkali, chukua mazito. Maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo, hata jepesi linatosha.

Yeyusha nje, upepo ukikupiga ubavuni, watoto wawe mbali: sumu ya risasi huharibu ubongo wao zaidi. Sufuria ile isirudi jikoni tena. Oga na ubadili nguo kabla hujampakata mtoto.

Na ule mtindo wa wazee wetu wa kubana vichubwi kwa meno, acheni jamani. Tumia koleo. Langu nimelifunga kamba kwenye taruma, ubavu wa ngarawa, maana mawili ya mwanzo yako chini ya bahari huko kisiwa cha Misali.