Una mbwa, na mbweha wanakuja bustanini? Soma hapa kabla hujafungua mlango

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Leicester aliniandikia ujumbe: "Samahani dada kwa kukusumbua. Kila usiku mbwa wangu anabweka mpaka jirani anagonga ukuta. Jana nikachungulia, nikaona mbweha wawili wamejilaza kwenye nyasi, wala hawana habari. Niwafukuze? Niite halmashauri? Au nimrudishe mbwa nilikomtoa?"

Halmashauri usijisumbue. Hapa Uingereza sheria haiwalazimishi kuja kuondoa mbweha, na hata wakija, ukimwondoa huyu atakuja mwingine kuchukua eneo lake kabla hujamaliza kushangilia. Kumrudisha mbwa ndiyo kabisa usifikirie. Mbweha mwache, mfunze mbwa. Hilo ndilo jibu langu, na wenye haraka wanaweza kuishia hapo. Wengine tukae, maana hili jambo nimelipata kwa jasho na sitalieleza kwa mistari miwili.

Mwaka huu mwishoni mwa Aprili, jioni ya saa moja na nusu, bado kuna mwanga, watoto watatu wa mbweha walitoka chini ya kibanda cha jirani wakapenya kwenye uzio wetu. Mimi nilikuwa jikoni. Mbwa wangu Bobi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Nikamwona masikio yamesimama, paja la nyuma linatetemeka, pua imegusa kioo mpaka kioo kikafanya ukungu. Mdomo umefungwa. Hakubweka. Watoto wale wakavutana mkia, wakaangusha chungu cha mnanaa wangu, mmoja akakaa kujikuna, na Bobi akatazama yote hayo kama bwana mkubwa. Mzee, Labrador wetu, alikuwa amelala chini ya meza. Mzee hana ugomvi na mtu, hata akiingia mwizi atamwonyesha friji ilipo.

Asiyefuga hataelewa kwa nini nililia. Bobi ni Jack Russell. Mbwa wa aina hii wamepewa jina la kasisi John Russell wa Devon, karne ya 19, na kazi waliyozalishiwa ni moja tu: kuingia kwenye shimo la mbweha na kumtoa nje ili wawindaji wamkimbize. Kumfukuza mbweha kumo kwenye damu yake. Kwa hiyo ukiona Jack Russell amekaa dirishani anatazama watoto wa mbweha wakicheza, ujue kuna mtu nyuma yake aliyefanya kazi.

Sasa niseme lililo moyoni. Bobi alipokuwa na umri wa mwaka mmoja nilimpeleka kwa mwalimu wa mbwa, jina namhifadhi. Alichukua hela yangu, akamtazama Bobi akibwekea njiwa, akaniambia mbele ya watu kwamba aina hii haifundishiki kwa jambo hilo na mtu "asiyezoea mbwa" angechagua mbwa mpole zaidi. Asiyezoea mbwa! Nimekulia Singida. Nyumbani kwetu mbwa walikuwepo kabla yangu. Ni kweli walilala nje, wakala ukoko wa ugali na mifupa, na hakuna aliyewapa biskuti, lakini nilijua sauti ya mbwa anayebwekea mgeni na ya mbwa anayebwekea mbweha aliyenyemelea kuku. Singida kuku ni mali. Usiku mbwa wakibadilisha sauti, baba alitoka na tochi na fimbo. Basi mtu akikuambia huzoei mbwa kwa sababu ya lafudhi yako, nyamaza, lipa, nenda nyumbani, kafanye kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Anza na taa. Kabla ya kumtoa mbwa kwa haja ya mwisho usiku, washa taa ya nyuma, gonga mlango kwa ndani, subiri kidogo. Mbweha aliyepo atapata muda wa kuondoka kwa heshima yake. Ugomvi mwingi wa mbwa na mbweha hutokea pale mlango unapofunguliwa ghafla na mbwa anatoka kama risasi, mbweha amebanwa kwenye kona hana pa kupita. Mbweha mkubwa wa hapa ana kilo tano mpaka saba, sawa tu na Jack Russell, na hapendi kupigana. Ukimpa njia, ataifuata.

Halafu kamba. Usiku mbwa hatoki bila kamba. Najua ni bustani yako, umelipia nyumba, na mvua inanyesha. Kamba. Kamba inakupa nafasi ya kumzuia asianze mbio, kwa sababu akishakimbiza mara moja akaona raha yake, umerudi mwanzo.

Na subira ya dirishani. Nilimkalisha Bobi mbali na kioo, upande wa pili wa jiko, mahali anapomwona mbweha lakini hajapandwa na wazimu. Akimtazama na kunyamaza, kipande cha kuku wa kuchemsha. Akigeuza kichwa kunitazama mimi, vipande viwili. Akibweka, simgombezi, nafunga pazia, sinema imekwisha. Kidogo kidogo tukasogea karibu na kioo. Miezi ya katikati siwaelezei, haina utamu, ilikuwa ni kuku na pazia, pazia na kuku. Anayetaka njia ya mkato hakuna. Taa, kamba, subira.

Kuna jambo ambalo sisi tuliotoka nyumbani lazima tulisemee peke yake. Nilipotuma video ya watoto wale kwenye kundi la familia, simu zilianza kuingia kutoka Singida, Dodoma mpaka Mwanza. "Huyo ana kichaa! Funga milango!" Siwalaumu. Kwetu mbweha anayekuja mchana kweupe bila woga ni wa kukimbiwa, na mbwa aliyeumwa na mnyama kama huyo ni msiba unaoweza kuingia mpaka ndani ya nyumba. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni bahati ya nadra mno. Lakini Uingereza kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu kilikwisha mwaka 1922. Mbweha wa London anayeota jua juu ya paa la kibanda saa sita mchana hana kichaa, amezaliwa mjini tu, pengine kwenye tuta la reli. Wamekuwa wakiishi kwenye miji ya hapa tangu miaka ya 1930. Ukiwa Leicester usimwogope. Ukienda likizo nyumbani, rudisha woga wako wote mahali pake, na mbwa wa kwenu wapate chanjo.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga mwezi Januari, na hakuna aliyemwambia. Usiku wa pili jike la mbweha likaanza kupiga kelele nyuma ya nyumba. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo anajua haina maelezo. Nikamkuta mama ameketi kitandani anasoma Ayatul Kursiy, macho yote mlangoni. "Mwanangu, hapo nje kuna mtu anauawa au kuna kitu si cha kawaida." Nikamweleza: ni msimu wao, kuanzia Desemba hadi Februari wanatafutana, na jike hupokea dume kwa siku tatu hivi tu kwa mwaka mzima, ndiyo maana fujo yote ile. Akafikiri kidogo, akasema, "Siku tatu? Basi aachwe apige kelele." (Kwa wanaoniuliza kila mara: mbwa hawakanyagi chumba cha mama, nguo zake za sala ziko juu, na vyombo vya mbwa havichanganywi na vyetu. Inawezekana, tumeishi hivyo kwa amani.)

Msimu unaohitaji akili zaidi ni huu wa kuanzia Machi hadi Juni. Watoto huzaliwa Machi au Aprili, kwa kawaida wanne au watano, wana rangi ya kahawa iliyokolea na macho hayajafunguka, na hukaa shimoni wiki nne hivi kabla ya kutoka. Wakati huo mama yao hamwogopi mbwa wako. Anaweza kuwafuata barabarani wewe na mbwa, umbali wa hatua kadhaa, pengine akibweka. Watu hupiga picha na kuandika kwamba wameshambuliwa. Hakuna shambulio, anawasindikiza muondoke kwenye shimo lake. Vuta kamba, endelea kutembea, usimwache mbwa ageuke.

Magonjwa yapo, tusidanganyane. La kwanza ni upele unaoletwa na vidudu vinavyochimba ngozi. Mbweha hunyonyoka manyoya kuanzia mkiani na kufa pole pole. Bristol mwaka 1994 upele huo uliingia, na katika miaka michache zaidi ya asilimia 95 ya mbweha wa mji ule wakafa. Mbwa huupata pia, ila kwa mbwa unatibika vizuri, kuna dawa za kila mwezi kutoka kwa daktari wa wanyama. Hakikisha dawa yako inazuia na minyoo ya mapafu, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inaifanyia kazi. Minyoo hiyo inabebwa na mbweha, ikapita kwa konokono, wenye gamba na wasio na gamba, na mbwa huipata akimla konokono hata kwa bahati mbaya. Bakuli la maji na mwanasesere wa mbwa visilale nje. Na kama umehamia nyumba yenye kibanda cha zamani, angalia rafu kama kuna boksi la vidonge vya kuulia konokono vyenye metaldehyde. Vimepigwa marufuku Uingereza kutumika nje tangu 2022, lakini maboksi ya zamani bado yapo, na yanaua mbwa.

Halafu kuna balaa lisilotibiwa na daktari: mavi ya mbweha. Mbwa anayapenda. Atayatafuta, atalaza shingo juu yake, atajigaragaza, kisha atakuja kukukumbatia. Shampuu peke yake haitoshi, ile harufu ya mafuta inabaki palepale. Mimi hutumia tomato sosi, ile ya chipsi. Paka kwenye manyoya makavu, sugua, acha kidogo, suuza, ndipo ufuate na shampuu. Bafu litaonekana pametokea mauaji lakini mbwa atanukia vizuri.

Sasa nije kwa ninyi mnaolisha. Kuwalisha mbweha si kosa la kisheria, lakini nimewaona mnaotupa nusu ya kuku wa dukani kwenye nyasi ili mpate video. Mbwa wako ananusa kuku kwenye nyasi, mbweha ananusa kuku kwenye nyasi, na wewe unashangaa wanagombana! Mnyama aliyezoea kula mkononi mwako ataufuata mkono wa jirani asiyempenda. Mbweha akitaka kula ana panya, ana minyoo ya ardhini, ana njiwa, ana matunda yaliyoanguka. Jirani mmoja aliwahi kunisema kwenye kundi la mtaa kwamba "yule mama wa Kiafrika anafuga mbweha," na mimi sijawahi kuwapa hata ganda la yai. Sikujibu. Kwenye kundi la Watanzania nako mtu akaandika, "Ametoka Singida na degree yake kwenda Ulaya kuchunga mbweha," watu wakacheka na vikaragosi. Nako sikujibu. Lakini nimeona ni haohao sasa wananitumia ujumbe wa faragha, mbwa wangu anabweka, nifanyeje. Taa, kamba, subira, ndugu zangu. Kama unataka kuona viumbe, jifunze kukaa kimya kwanza wewe mwenyewe, zima televisheni, zima simu. Mbwa anakunakili wewe. Ukiruka ruka dirishani ukipiga kelele "njooni mwone," na yeye ataruka.

Wengine mmeniuliza habari za kalunguyeye. Huyu ni wa kulindwa zaidi, maana wamepungua sana Uingereza, na akijikunja mpira, mbwa mkorofi anaweza kumng'ata hata kama miiba inamchoma mdomo. Usimpe maziwa, yanamharisha. Mpe maji. Na mpe njia: toboa tundu chini ya uzio, sentimita 13 kwa 13, ili aende bustani hadi bustani, kwani kwa usiku mmoja anatembea zaidi ya kilomita. Kalunguyeye anapita, Bobi kichwa kinakwama. Ukiwa na Chihuahua, wale mbwa wadogo kabisa, hapo sina la kukusaidia.