Kelele Nitazivumilia, Ukuta Sithubutu

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Jirani yako anabadilisha nyumba ili imfae mgonjwa wake, na kelele za mafundi zinakukosesha raha. Utanyamaza, utasema, au utashtaki?"

Nitasema. Lakini kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kelele, na kuna ukuta. Kelele nitazivumilia, na saa zake nitazijadili kwa upole. Ukuta wangu ukianza kutikisika, sivumilii hata asubuhi moja. Nimeona watu wakigombana wiki nzima kwa sababu ya mlio wa grainda, na huku ufa unapanda mpaka darini na hakuna anayeutazama.

Nakaa Kiponda, Mji Mkongwe, katika nyumba ya zamani iliyoshikana na ya jirani. Kazi yangu ni ya tanuri. Naingia baada ya Isha, mikate ya boflo inatoka alfajiri, na mimi nalala asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Maana yake ni kwamba saa ambazo kila mtu huziona ni halali kwa fundi kupiga nyundo, kwangu mimi ndio usiku wa manane. Wauguzi wa zamu, walinzi na wavuvi wa usiku watanielewa. Ustaarabu wote wa kelele umepangwa kwa ajili ya anayelala usiku, na sisi wengine tumo humo kwa kudra tu.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima tunamwita Maalim. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Alikuwa akiishi ghorofa ya pili, na ngazi za nyumba zetu mnazijua: zimesimama wima, kila daraja lina kimo chake, zinakata kona gizani, na cha kushikia ni kamba iliyoning'inia. Ikifika siku ya kliniki, wanawe walikuwa wakimbeba mgongoni, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwisho wakaamua chini, palipokuwa ghala, pawe chumba chake. Mlango upanuliwe ili kigari cha mgonjwa kipite, kiwekwe choo cha kukaa, pa kuogea pasiwe na kizingiti, na vishikio vya chuma viwekwe ukutani.

Sina neno na hayo. Zanzibar ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009. Hata bila ya karatasi hizo, nani mtaani angesimama mbele ya Bimkubwa, mkewe Maalim, amwambie mumewe abaki kifungoni juu?

Basi kelele zikaanza. Anayekaa nyumba ya matofali ya saruji hawezi kujua mlio wa nyumba ya mawe. Haupiti dirishani, kwa hiyo kufunga dirisha hakusaidii. Unapita ndani ya ukuta wenyewe, unashuka kwenye sakafu, unapanda kwa miguu ya kitanda mpaka kichwani. Pamba masikioni ni kujidanganya. Kitu kilichonisaidia kidogo ni kuhamisha kitanda upande wa pili wa chumba, mbali na ukuta wa pamoja, na kuweka vipande vya mpira chini ya miguu yake. Lipo pia vumbi la chokaa, ambalo halina dawa ila turubai lililoloweshwa maji upande wa kazi. Ukiliwahi kabla tindo halijagusa ukuta umeokoka. Ukichelewa utalikuta mpaka ndani ya kabati la nguo.

Ushauri wangu wa kwanza: usiombe kazi isimame, omba saa. Na usizungumze na mwenye nyumba peke yake, kwa sababu mara nyingi hajui fundi atafanya nini kesho. Mtoto mkubwa wa Maalim, ambaye ananiita ami na ana adabu zake zote, kila nikimuuliza ananijibu, "Wanakaribia kumaliza, ami." Fundi mkuu ndiye aliyenipa jibu la maana. Nilikaa naye barazani kwa kahawa, akanieleza mpango wa kazi. Ujenzi hauna kelele wakati wote. Kuvunja, kutoboa na kukata chuma ndiko kunakoua usingizi. Kusomba mchanga, kuunganisha mifereji, kupiga lipu na kupaka chokaa, hayo mtu anaweza kuyalalia.

Tukakubaliana kwamba za kuvunja na kukata zianze baada ya adhuhuri, na asubuhi wafanye za kimya. Yeye alisita, na alikuwa na sababu. Kibarua analipwa kwa siku, na ukimwambia asubuhi asipige nyundo, kuna siku atakaa bure na mwenye nyumba atalipa. Hapa ndipo jirani anayeomba lazima naye atoe kitu. Mimi nilitoa ua wangu wa nyuma waweke mchanga na mawe, maana uchochoro wetu haubebi lundo la kifusi, na gari la hamali likikwama pale mtaa mzima unafunga. Kwa kuwa vifaa vilikuwa karibu, zile asubuhi za kimya zikapata kazi. Zipo siku walisahau, nikaamka na grainda saa tatu. Nilivaa kanzu, nikapiga hodi, nikakumbusha, nikarudi kulala. Ugomvi haukuwapo.

Ramadhani ilipokaribia lilizuka wazo la kufanya kazi usiku baada ya tarawehe, kwa kuwa mafundi hawataki kubeba mawe na saumu. Mimi lingenifaa kuliko wote, usiku sipo nyumbani! Nililikataa. Upande wa pili wa uchochoro kuna mama ana mtoto mchanga. Lakini nakiri raha niliyoipata kwa muda mfupi kuwazia mtaa mzima ukionja maisha yangu.

Sasa ukuta.

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unene wake, kiasi cha nusu mita, huwadanganya watu wakadhani ni ngome. Nguvu yake iko katika uzito na katika kukaa kavu, si katika kushikamana. Ndani ni mawe madogo na chokaa laini. Ukiupiga drili ya kugonga siku baada ya siku, chokaa ya ndani inalegea, vijiwe vinashuka, na ukuta unaanza kutoa tumbo. Juu yake zimelala boriti za mikoko zilizobeba dari nzito ya mawe na chokaa, na vichwa vya boriti hizo vimeingizwa ndani ya ukuta ule ule. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti hazina urefu wa kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo anayepanua mlango kwa ajili ya kigari anaondoa mawe yaliyobeba dari. Kabla ya kuondoa jiwe hata moja, dari itegewe miti imara chini yake, na boriti ya juu ya mlango ipatikane ndefu kuliko ya mwanzo. Fundi akikwambia "haina shida, nyumba hizi zimekaa miaka", mwambie ashuke kwanza. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani lililojengwa 1883, ilikuwa imekaa miaka pia, na sehemu yake ikaporomoka Disemba 25, 2020 katikati ya ukarabati, watu wawili wakafa.

Khatari ya pili haina mlio kabisa. Ni choo. Nyumba nyingi za mji huu zinakufa kwa maji kuliko kwa nyundo. Bomba linalovuja kidogo ndani ya ukuta linaozesha vichwa vya boriti, na hutajua mpaka dari ishuke. Na kama fundi amepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, ndio balaa, kwa sababu chokaa inapumua na saruji inaziba. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yatatafuta upande wa jirani, yaani wangu. Mpango wa kwanza wa chumba cha Maalim ulikiegemeza choo kwenye ukuta wetu wa pamoja, na mifereji ichimbiwe ndani yake. Hapo nilisema hapana, na nilisema mbele ya Bimkubwa, wanawe na fundi wote wakiwapo. Choo kikahamia upande wa ua. Mifereji ikapita nje ya ukuta, ionekane. Haipendezi kwa macho, lakini ikivuja utaiona siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni vishikio. Fundi alitaka kutoboa ukuta mashimo mengi afunge vyuma vya mgonjwa kushikia akinyanyuka chooni. Hilo halinihusu, mtu angesema. Lakini ukuta wa chokaa hauishiki skrubu kwa nguvu ya kumbeba mtu mzima aliyelalia upande mmoja. Chuma kingeng'oka na Maalim angeanguka. Wakatengeneza fremu ya chuma iliyofungwa sakafuni kwenye zege, huku na huku ya choo. Mgonjwa akapata kitu imara na ukuta ukasalimika. Mara nyingi kinachomfaa jirani na kinachomfaa mgonjwa ni kimoja, ila lazima uwepo pale pale wakati kinaamuliwa, si baadaye na malalamiko.

Wanaopenda dalili za dini watasema jirani hazuiwi kwenye ukuta. Kweli ipo hadithi katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba mtu asimzuie jirani yake kuchomeka mbao katika ukuta wake. Sisi wa mji wa boriti inatugusa moja kwa moja. Lakini wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafii wameichukua kuwa ni jambo linalopendekezwa, si la kulazimisha, na ipo pia kanuni ya "hakuna kudhuru wala kudhuriana". Boriti ya jirani naikaribisha. Maji ya choo chake ni mlango mwingine.

Njia ya kigari nje ya mlango nusura ituletee ugomvi na mtaa mzima. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Kizingiti cha Maalim kina kimo cha sentimita 30, kwa hiyo mteremko unataka zaidi ya mita tatu na nusu. Uchochoro wetu hauna upana huo. Mtoto mdogo wa Maalim alipendekeza wavunje baraza na kumwaga zege mpaka katikati ya njia. Wazee wakauliza swali moja tu: jeneza litapita wapi? Pakatulia. Pamepatikana ubao mpana wenye kingo, unatandikwa kwa pembe kando ya baraza siku ya kutoka na kuondolewa akirudi. Ni mkali kuliko kipimo, kwa hiyo kigari kinasukumwa na watu wawili. Baraza ipo palepale, na Maalim mwenyewe anaikalia jioni.

Na kushtaki? Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, yupo, na mimi ningemwendea kabla ya kwenda pengine popote, kwa sababu anazijua nyumba na ukoo wa kila mtu. Pia mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kubadilisha jengo kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Wapo wanaolitumia neno "kibali" kama fimbo ya kumpiga jirani aliyewaudhi kwa jambo jingine kabisa. Mimi nilimhimiza mtoto mkubwa akichukue mapema kwa sababu nataka jicho la mtaalamu lione ukuta kabla ya nyundo. Lakini kama jirani anavunja ukuta uliobeba dari yako na hasikii, usisubiri kikao cha wazee. Toa watu wako ndani, nenda kwa sheha saa hiyo hiyo, na piga picha za nyufa zikiwa na tarehe. Picha za kabla ya kazi ni bora zaidi. Nilizipiga siku ya kwanza, mtoto mkubwa akisimama nami, na yeye ana nakala.

Kitu kimoja ambacho swali lenu halikukigusa: mafundi wakiondoka, kelele hazikomi zote. Choo kipya kimeleta tangi juu ya paa na mota ya kupandisha maji, na mota ile iliwekwa juu ya sakafu tupu karibu na ukuta wetu. Ilikuwa ikiwashwa asubuhi, nami ndio kwanza nimelala. Nimepeleka vipande vya tairi kuukuu viwekwe chini yake, mngurumo umepungua. Saa ya kuiwasha bado tunaijadili. Bimkubwa anataka tangi lijae kabla hajamuogesha mumewe, na mimi nataka iwashwe magharibi kabla sijaenda kazini. Kwa sasa yeye anashinda.

Msomaji, Kiponda, Unguja