Chupa haikuona, mdudu kaona

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mdogo wangu anasoma Norway. Juzi kanitumia picha yumo ndani ya kijito, barafu imeganda ukingoni, kashika wavu. Ati wanatafuta wadudu wajue kama maji yana kemikali. Kwani hawana vipimo? Na sisi wa mabondeni, tunaopiga dawa kwenye mpunga, tunaweza? (Msomaji, Ole, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam. Vipimo wanavyo, tena vya maana. Lakini kiwanda kikimwaga uchafu usiku wa manane, anayekuja asubuhi na chupa hukuta maji yale yashapita. Mdudu alikuwepo usiku kucha.

Niliwahi kwenda kozi huko huko, nikaingizwa mtoni na viatu vya mpira mpaka mapajani. Baada ya dakika kumi miguu siisikii. Kazi yenyewe si ngeni kwa aliyeona akinamama wakitanda dagaa: unakinga wavu upande maji yanakoelekea, unachokoa mawe kwa mguu, vilivyojishika vinaingia. Ukimwaga kwenye sinia nyeupe utamwona mmoja ana mikia mitatu, na matamvua kama vijani yamejipanga ubavuni. Huyo mdudu wataalamu humwita Baetis. Moshi wa makaa ya mawe kutoka Uingereza na kwengineko Ulaya ulipowashushia mvua ya tindikali mito ya kusini mwa Norway, yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutoweka; pH (kipimo cha tindikali: kadiri kinavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, humpati.

Mwengine hufuma kijiwavu baina ya mawe anase chakula. Huyo shaba huistahamili, ila huiweka mwilini, basi maabara humsaga wakapima shaba iliyomo. Kwanza huachwa siku nzima ndani ya maji safi amalize haja zake (msicheke), maana matope ya tumboni yataongeza hesabu.

Orodha yao ya wadudu lakini usiilete Pemba. Maji ya nyuzi 0 hubeba oksijeni kama miligramu 14 kwa lita, ya nyuzi 25 kama 8 tu, na wengi wa wadudu wale wameizoea ile 14. Ukiwakosa huku, huenda ni joto tu. Tanzania Bara upo mfumo wa kuipa mito ya kwetu alama kwa wadudu waliomo, uitwao TARISS, anzia hapo. Tanda juu ya mashamba, tanda na chini yake, siku ile ile, kabla ya dawa na baada yake. Wakiwapo juu, na chini hawamo, ndipo upeleke chupa maabara, kwani mdudu jina la dawa halijui. Na viatu vya mpira vaa na wewe. Huku hakuna baridi, kuna kichocho.